Miti Minne kwa Siku

Walimwita Bwana Hodi. Aliyekumbuka kwamba ana jina jingine alikuwa mama yake peke yake, na yeye hakulitumia. Kila asubuhi, baada ya chai na kabla ya kuongea na binadamu yeyote wa nje, aliingia kwenye shamba lake la michungwa, akausogelea mti wa kwanza, akaugonga shina mara tatu kwa fundo la kidole cha kati, akasema, "Hodi." Kisha akasubiri. Mti ukamwitikia. Akaenda wa pili.

Waliomwona kwa mara ya kwanza walidhani ni maombi, au maradhi. Haikuwa lolote kati ya hayo. Katika michungwa ile waliishi sisimizi wekundu wenye miguu mirefu, wale waitwao maji moto kwa sababu ambayo mtu huielewa mara tu akiwashika. Hushona majani mabichi yakawa nyumba, na ukigonga shina lao hutoka kwa pamoja wakiyapiga majani kwa matumbo yao, na sauti inayotoka ni ya manyunyu yanayoanza kuanguka juu ya bati la nyumba ya mbali. Mti wenye manyunyu mazito ulikuwa na askari wa kutosha: nzi wa matunda akitua kwenye chungwa ili atage mayai, alikamatwa kabla hajakunja mbawa. Mti wenye manyunyu haba ulihitaji msaada. Bwana Hodi alikuwa na daftari, na humo, mbele ya namba ya kila mti, aliandika neno moja kati ya matatu: nzito, wastani, haba. Kwa miaka miwili na miezi kumi hakuhitaji neno la nne.

Miti ilikuwa tisini na sita, mistari minane ya kumi na miwili. Hakuipuliza dawa yoyote. Alining'iniza chupa za plastiki zilizotobolewa matundu, ndani yake chachu na sukari, na kila Jumatatu alihesabu nzi waliokwenda kunywa wakabaki. Machungwa yaliyoanguka aliyaokota kila baada ya siku mbili, akayafunga kwenye mifuko myeusi na kuyaanika juani mpaka mabuu yaliyomo yakaiva. Mashina aliyapaka chokaa. Kisu cha kupogolea alikitumbukiza kwenye sufuria ya maji yanayochemka kila alipohama mti, ili ugonjwa wa gundi usisafirishwe na mkono wake mwenyewe. Kulikuwa na madaktari wa meno ambao hawakuwa na uangalifu huo, na jirani yake alimwambia hivyo mara nyingi huku akionyesha pengo.

Aliyafanya yote haya akiwa na miaka sitini na mmoja, katika shamba ambalo baba yake alilipuliza dawa kwa miaka thelathini.

Baba aliitwa Bwana Dawa, na katika enzi zake hilo lilikuwa jina la heshima. Alibeba pampu mgongoni, kitambaa cha jikoni kimefungwa puani, akaanza na mti wa kwanza ulio mlangoni pa stoo, akaenda na mstari mpaka mwisho, akageuka, akarudi na mstari wa pili. Pampu moja ilitosha miti minne. Kisha alirudi stoo, akachota mchanganyiko kwenye pipa, akaendelea. Jioni alikaa kwenye jiwe chini ya mti wa kwanza, akavua buti, kwa sababu mkewe hakuruhusu buti zile zikanyage sakafu ya nyumba. Nguo zake zilifuliwa peke yake katika beseni la bluu ambalo halikuruhusiwa kufuliwa nguo nyingine. Miaka ya mwisho mikono yake ilianza kutetemeka, hata kikombe kikawa kinapiga kelele juu ya kisahani na watu wakajifanya hawasikii. Alifariki. Cheti cha kifo kilieleza kwamba sababu ni uzee. Alikuwa na miaka hamsini na tisa.

Mjane akafunga stoo kwa kufuli, akavaa ufunguo shingoni, na kwa miaka ishirini shamba likajiendea lenyewe. Kisha mwanawe akarudi kutoka alikokuwa akifanya kazi ya ukarani, akatangaza kwamba atalima bila sumu.

Kuna cheti cha jambo hilo. Ukikitaka, mkaguzi huja mara moja kwa mwaka, na shamba lazima likae miaka mitatu mfululizo bila tone la dawa. Tone likipatikana, saa inarudishwa sufuri. Siku ya kwanza mkaguzi alikuja na fomu: makopo, chupa, mifuko, pampu, mapipa. Vyote vilitolewa stoo mbele yake, vikaorodheshwa, vikapakiwa kwenye gari na kupelekwa kunakopelekwa vitu kama hivyo. Sakafu ikasuguliwa. Chini ya pipa kulikuwa na kamba nene ya katani, iliyozungushwa ikawa duara kubwa. Kamba haikuwa kwenye fomu. Bwana Hodi, mtu wa utaratibu, aliiokota kwa mikono yake akaitundika ukutani.

Hapo ndipo ilipokuwa, wiki sita kabla ya ukaguzi wa tatu na wa mwisho.

Maji moto hawapendi kushuka ardhini. Wanapenda kupita juu, na pale ambapo matawi hayagusani, mkulima huwafungia kamba kutoka mti hadi mti, ili mti wenye askari wengi uuazimishe mti wenye wachache. Mvua za mwaka ule zilikuwa zimeozesha kamba za mistari mitatu ya kwanza. Dukani kulikuwa na za nailoni tu, na juu ya nailoni sisimizi huteleza, huona wamedhalilishwa, hurudi nyumbani. Machungwa yalikuwa yanaanza kubadilika rangi. Nzi nao wana macho.

"Mama, naomba ufunguo wa stoo."

"Wa nini?"

"Kuna kamba nimeikumbuka."

Mama, ambaye mtoto wa jicho alikuwa amemwachia mwanga na vivuli tu, aliutoa ufunguo shingoni taratibu. "Ukitoka ufunge vizuri," alisema.

"Mama, stoo haina kitu."

"Nimesema ufunge."

Kamba ilikuwa nzima. Haikuwa imeguguniwa na panya wala kuonjwa na mchwa. Haikuota ukungu, na kati ya mizunguko yake hapakuwa na uzi mmoja wa buibui. "Kamba za zamani zilikuwa kamba," Bwana Hodi aliuambia ukuta. Huyu alikuwa mtu ambaye, ukimpa jani lenye tundu moja, angekuambia nani amelila na lini. Hakujiuliza kwa nini kamba ile haijaliwa na yeyote kwa miaka yote hiyo.

Kanuni zilitaka kila kitu kinachoingia shambani kutoka nje kiandikwe. Kamba haikutoka nje. Hata hivyo, kwa kuwa alikuwa mwaminifu kupita kanuni, aliandika: *Kamba ya katani. Asilia.*

Akaanza na mti wa kwanza, mlangoni pa stoo. Akaufunga mizunguko miwili, bila kubana ili gome lisiumie, akaenda wa pili. Alifunga miti minne, akajisikia kwamba imetosha, akaenda kupumzika. Kesho yake minne tena. Siku ya tisa kamba iliishia mti wa thelathini na sita, mwisho wa mstari wa tatu. Alirudi nyuma hatua kadhaa akatazama. Maji moto walikuwa wanapita juu ya kamba kwa foleni mbili, wa kwenda na wa kurudi, bila trafiki na bila matusi. Siku hiyo alikula vizuri.

Asubuhi iliyofuata alibisha hodi mti wa kwanza, na mti haukuitika.

Alingoja. Akabisha tena. Akaweka sikio kwenye shina, kama mtu anayesikiliza wapangaji waliojificha mwenye nyumba amekuja. Alisikia damu yake mwenyewe. Wa pili, kimya. Wa tatu. Wa nne. Kwenye wa tano manyunyu yakaanza, mazito.

Akaandika neno la nne katika daftari: *kimya*.

Siku ya pili, mti wa tano, wa sita, wa saba na wa nane. Siku ya tatu, mpaka wa kumi na mbili.

Alipanda ngazi akakata nyumba moja ya majani, akaifungua kiganjani. Alitarajia vita, maana makundi ya maji moto hupigana, na baada ya vita huwa na vichwa na miguu kila mahali. Hapakuwa na vita. Walikuwa wamekaa ndani kwa safu, miguu imekunjwa, wengine wakiwa bado wamewashika watoto wao mdomoni, kama watu waliokuwa wanahama wakaambiwa wasubiri kidogo. Wote walikuwa wamekauka. Aliporudisha majani, yalitoa sauti ya karatasi.

Ndipo akaona mengine. Buibui hawakuwepo. Mjusi wa mti wa saba, aliyekuwa akimtukana kila asubuhi kwa kichwa, hakuwepo. Machungwa yalining'inia safi, yanang'aa, hayana hata unyayo wa mdudu juu yake. Mpita njia angesema shamba limependeza. Upepo ulipita ukatikisa majani, na kwa mara ya kwanza maishani Bwana Hodi alisikia sauti ya majani matupu.

Jirani yake alikuwa mwalimu mstaafu aliyelima mapapai ng'ambo ya ua, na alikuwa na ugomvi wa siku nyingi na maji moto, ambao hawakutambua mipaka.

"Mwalimu," Bwana Hodi alimwita kutoka upande wake wa ua. "Umepuliza dawa?"

"Salamu kwanza, au siku hizi unabishia miti tu hodi?"

"Shikamoo, Mwalimu. Umepuliza dawa?"

"Marahaba. Nipulize dawa kwa pampu ipi? Niliyonayo ni ya baiskeli." Mwalimu aliweka jembe chini. "Kuna nini? Shemeji zako wamekufa?"

"Wanakufa."

"Basi tangaza msiba nije nile. Jumapili wameniuma mahali ambapo siwezi kumwonyesha hata mke wangu."

"Mwalimu, sitanii. Wanakufa kwa mpangilio."

Mwalimu alimtazama usoni, na utani ukamtoka. "Mpangilio gani?"

"Minne kwa siku. Inafuatana."

Mwalimu alitazama juu ya ua, mstari wa kwanza, kisha wa pili. Alikuwa ameishi pale muda mrefu kuliko alivyopenda kukiri. "Pampu moja, miti minne," alisema polepole, kama anayesoma ubaoni. Kisha akaokota jembe lake. "Mimi sijasema kitu, Bwana Hodi. Mimi nina mapapai."

Ni kweli kwamba hakuwa amesema kitu. Lakini Bwana Hodi alirudi akasimama mlangoni pa stoo, mgongo kwa mlango, akatazama. Kimya kilikuwa kimeanzia hapa. Kilikwenda na mstari wa kwanza mpaka mwisho, kikageuka, sasa kilikuwa kinarudi na mstari wa pili. Kilikwenda kwa mwendo wa mtu mwenye mzigo wa lita kumi na tano mgongoni ambaye hana haraka, kwa sababu kazi ni yake na shamba analijua.

Chupa za Jumatatu zilikuwa na hesabu nyingine. Wiki iliyopita kila chupa ya mstari wa kwanza ilikuwa na nzi watatu, wanne. Sasa moja ilikuwa na thelathini na mmoja. Askari walikuwa wameondoka, na habari ilikuwa imefika inakofika. Ukaguzi ulibaki wiki tatu na ushee. Miaka mitatu ilikuwa inamalizikia kwenye wiki hizo, na yeye hakuwa mtu wa kusema ataanza upya kama vile miaka inauzwa rejareja.

Siku ya sita kimya kilifika mti wa ishirini na nne. Siku hiyo Bwana Hodi alichukua kiti cha jikoni, akakiweka chini ya mti wa ishirini na tano, akakaa na panga magotini kuanzia saa moja asubuhi. Aliegemeza mgongo kwenye shina. Alipobisha, uliitika, ingawa ilimbidi abishe mara mbili. Jua lilipanda, likakaa kichwani, likaanza kushuka. Hakuja mtu. Hakusikia hatua, wala pampu, wala kikohozi. Mara moja tu, alasiri, alipata hakika kwamba mtu amesimama mlangoni pa stoo anapumzika; alipogeuka aliona jiwe chini ya mti wa kwanza, na kivuli cha mti juu ya jiwe. Alikaa mpaka giza likamtoa.

Asubuhi alibisha hodi mti alioulinda kwa mgongo wake mwenyewe. Haukuitika.

Alirudi nyumbani bila kumaliza mzunguko, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata alipokuwa na homa. Mama yake alikuwa jikoni akichambua maharage kwa vidole, mawe huku, maharage kule. Bwana Hodi alikaa kwenye kigoda karibu naye, akanyoosha mkono achukue kikombe cha maji. Mama akaudaka mkono hewani.

Aliusogeza puani.

"Umevaa nguo za nani?"

"Zangu, Mama."

"Na mikono?"

"Mama, mikono ni yangu."

"Inanuka baba yako."

Bwana Hodi alijaribu kucheka. "Mama, baba ana miaka ishirini na mitatu tangu..."

"Najua ana mingapi. Nilikuwepo. Mimi nakwambia ninachonusa sasa hivi." Hakuuachia mkono. "Umeshika nini?"

"Majani. Ngazi. Chupa."

"Nini kingine?"

"Kisu. Kamba."

"Kamba gani?"

"Ile niliyokuomba ufunguo."

Maharage mawili matatu yalianguka sakafuni. "Ile ngata ya pipa?" alisema mama.

Na Bwana Hodi, aliyekuwa ameibeba kamba ile, akaitundika, akaitundua, akaisifu na kuiandika, aliiona kwa mara ya kwanza. Pipa la mchanganyiko halikukaa vizuri kwenye sakafu ya stoo, kwa hiyo baba yake alilizungushia kamba chini, kama mwanamke anavyojiwekea ngata kichwani ili ndoo isiyumbe. Pipa lilikalia kamba ile miaka hamsini. Kila tone lililomwagika wakati wa kuchota, na Bwana Dawa alichota kwa mkono uliozidi kutetemeka kila mwaka, liliishia kwenye katani. Katani hunywa. Ndiyo maana panya walikuwa na akili kuliko karani mstaafu. Na maji moto walikuwa wameipita kwa foleni mbili, wa kwenda na wa kurudi, wakirudi nyumbani na sumu miguuni. Iliwachukua siku tisa au kumi kuwamaliza, na aliyefunga miti minne kwa siku alikuwa yeye. Kwa nini minne? Ujana wake wote aliteka maji ya pampu ile. Mwili wake ulikuwa umejifunza lini pa kupumzika, na haukumuuliza.

Mama alikuwa amesimama. Aliingia chumbani kwake, kikasikika kitu kikiburutwa kutoka chini ya kitanda, akatoka na beseni la bluu. Lilikuwa limefutwa vumbi.

"Vua shati. Nje, si humu ndani."

"Mama, ulilitunza la nini?"

"Nilijua ipo siku mtu atarudi na harufu hii." Alipapasa njia mpaka mlangoni. "Nilidhani atakuwa yeye."

Siku hiyo hiyo, akiwa na mifuko ya plastiki mikononi, aliifungua kamba yote, akaiingiza kwenye ndoo yenye mfuniko, akaifungia stoo. Mama alifua shati barazani, akisugua kwa nguvu ambayo Bwana Hodi hakujua kwamba bado anayo.

"Miti minane iliyobaki ilishapitiwa," Bwana Hodi alisema. "Hiyo siiokoi. Lakini ikiishia hapo... Mama, mkaguzi huchuma majani ya miti mitatu tu kati ya tisini na sita. Mitatu. Mvua ikinyesha mara mbili, nani atajua?"

"Mimi."

"Na zaidi yako?"

Mama hakuinua kichwa. "Maji ya beseni hili niliyamwaga pale nyuma ya choo kila Jumamosi. Hapo hapaoti hata nyasi. Nenda katazame. Nilijua tangu mwaka wa pili, nikanyamaza miaka thelathini, watu wakasema nina adabu." Alilikamua shati. "Adabu yangu nimeizika. Wewe fanya unavyotaka, mwanangu. Lakini nguo zako utafua mwenyewe."

Siku ya nane miti minne ikanyamaza, na siku ya tisa minne ya mwisho. Siku ya kumi Bwana Hodi alisimama mbele ya mti wa thelathini na saba, mwanzo wa mstari wa nne, ambao haukufungwa kamba ile. Kama ni kamba, kimya kilikuwa kimefika mwisho wake. Kama si kamba, ni mtu, na mtu alikuwa na mistari mitano bado. Aliinua kidole, akakishusha. Akafuta kiganja kwenye suruali. Akabisha mara tatu, bila kusema hodi.

Manyunyu yakaanza juu ya kichwa chake, yakazidi, yakawa mvua.

Alikaa chini. Maji moto wawili walimshukia shingoni wakamuuma, na akawaacha waume kadiri ya haki yao.

Mkaguzi alikuja siku aliyosema atakuja. Alikuwa mama wa makamo mwenye miwani miwili, ya kusomea na ya kuonea, na alikuwa na kawaida ya kuvaa isiyohusika. Alifungua daftari la kumbukumbu mezani.

"Mzee wangu, mambo yako huwa safi mpaka yanachosha," alisema. "Mwaka huu tukimaliza mapema nitalala nyumbani."

"Mama Mkaguzi, kabla hujaandika, njoo tubishe hodi."

"Tubishe hodi kwa nani?"

Alimpeleka mti wa kwanza. "Gonga. Mara tatu."

Mkaguzi aligonga, akiangalia kama kuna anayemwona. Wakasikiliza.

"Sisikii kitu."

"Ndiyo. Sasa wa pili." Alimpitisha miti yote thelathini na sita, bila kuruka hata mmoja, na kila mti mkaguzi aligonga polepole zaidi. Kufikia wa ishirini alikuwa ameacha kuuliza. Kufikia wa thelathini alikuwa anatembea karibu na Bwana Hodi, bega kwa bega. Kwenye wa thelathini na saba manyunyu yalipoanguka, alishtuka akamshika mkono.

"Hivyo ndivyo unavyotakiwa kuwa," Bwana Hodi alisema. Akamweleza yote, pamoja na neno *asilia*.

Mkaguzi alivua miwani moja akavaa nyingine. "Unajua ningechuma mitatu tu?"

"Najua."

"Na nilikuwa nimeshapanga ni ipi. Mstari wa sita."

Bwana Hodi alitazama upande wa mstari wa sita. "Hiyo usingeniambia, mama."

Mkaguzi alichuma majani ya miti kumi na miwili, akakata kipande cha kamba akakifunga kwenye mifuko mitatu, mmoja ndani ya mwingine. Majibu yalikuja baada ya mwezi. Mistari mitano ilipata cheti. Mistari mitatu iliandikiwa sufuri, ikafungwa utepe mwekundu kila mti, na machungwa yake yote yakachumwa na kufukiwa mbali. Sehemu ya fomu iliyouliza makopo, chupa, mifuko, pampu na mapipa iliongezewa neno kwa mkono: *kamba*.

Kwa hiyo Bwana Hodi, akiwa na sitini na mmoja, alianza tena miaka mitatu. Hakufunga kamba yoyote katika mistari ile. Aliacha matawi ya pembeni yarefuke mpaka miti ikashikana mikono yenyewe. Na kila asubuhi aliibishia hodi yote thelathini na sita, akasubiri muda uleule wa kila mti, akaandika *kimya*, akaenda unaofuata. Mwalimu alimuuliza kama haoni anapoteza muda kwa kuongea na maiti. Alijibu kwamba amefanya kazi ofisini miaka ishirini na sita na amezoea.

Mwezi wa kumi na nne, mti wa thelathini na sita uliitika. Ilikuwa sauti ya matone matatu. Aliandika *haba*, mkono wake ukitetemeka kidogo, akautazama mkono huo kwa muda.

Baada ya wiki mbili, mti wa thelathini na tano. Kisha wa thelathini na nne. Maji moto walikuwa wanaingia kutoka mstari wa nne, tawi kwa tawi, na kimya kilikuwa kinarudi nyuma kwa njia ileile kiliyojia: mwisho wa mstari wa tatu, kikageuka, mstari wa pili, kikageuka. Akisimama mlangoni pa stoo, Bwana Hodi aliweza kukitazama kikija. Kilikuwa kinakuja pole pole, mti mmoja mmoja, kama mtu aliyemaliza kazi na sasa anarudi jioni pampu ikiwa tupu.

Mkaguzi alirudi mwaka wa tatu, akagonga mwenyewe, akitabasamu kila mti ulipoitika. Majani yalikuwa safi. Mwishoni alibakiwa na utepe mwekundu mmoja tu wa kufungua, wa mti wa kwanza.

"Na huu niuingize?" aliuliza. "Maabara inasema hauna kitu."

Bwana Hodi alibisha. Wakasikiliza wote wawili.

"Huu bado," alisema. "Uache na utepe wake."

Jioni alimsimulia mama yake, ambaye sasa alikuwa haoni hata vivuli. Alimwambia cheti kimekamilika, miti tisini na mitano, na kwamba ule wa mlangoni pa stoo hauna sumu, maji moto wanaufikia kwa tawi, wanasimama kwenye ncha ya tawi, wanageuka.

"Nimebisha kila siku, Mama. Hauitiki."

Mama alikuwa amekaa barazani, uso ameuelekeza kule kwenye jiwe, beseni la bluu kavu limelala miguuni pake.

"Usimharakishe," alisema. "Anavua buti."